Njia za Miguu za Empakai ni Zetu Pia

Magari ya watalii yapitayo Karatu kila asubuhi kuelekea lango la Lodoare huendeshwa na Watanzania. Chakula kilichomo ndani ya visanduku kimepikwa na Watanzania walioamka alfajiri, mahema yamefungwa na Watanzania, na kahawa iliyonywewa kabla ya kuondoka imechumwa na Watanzania katika mashamba ya Oldeani. Aketiye dirishani na kutazama ndiye mgeni. Sisi hatuna kinyongo na mgeni huyo. Amelipa ada yake kwa dola, amekuja kwa heshima, na fedha yake yalipa mishahara ya wengi wetu. Ila twauliza jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, limechelewa kuulizwa: ni lini huyu aliyepika chakula na yule aliyechuma kahawa watakwenda huko juu, si kama watumishi wa safari ya mtu mwingine, bali kama wenye nchi waendao kuitazama mali yao kwa miguu yao wenyewe?

Twasema kwa miguu, na twasema hivyo kwa makusudi. Wengi hudhani kuwa Ngorongoro ni ile kreta kubwa peke yake, lile bonde la mviringo lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, ambamo wageni hushuka kwa magari ya gharama kubwa na kutoka kabla ya jua kuchwa. Kwa dhana hiyo mfanyakazi wa kawaida hujisemea kwamba Ngorongoro si mahali pake, maana gari hana. Lakini nyanda za juu zina njia za miguu, fupi na nyepesi, ziwezazo kupitwa na mwalimu wa miaka hamsini, au kijana wa sekondari, au mama auzaye vitunguu Mang'ola. Hazidai kamba wala shoka la barafu kama Kilimanjaro. Zadai viatu vya raba, sweta, chupa ya maji, na askari wa hifadhi mwenye bunduki atanguliaye mbele, kwa sababu nyati hajui kwamba wewe ni mwenye nchi.

Njia ya kwanza iko karibu kabisa na mji wa Karatu. Mashamba ya mahindi na kahawa yakomapo upande wa kaskazini, hapo ndipo msitu wa hifadhi huanza, na mpaka wake waonekana kama ukuta. Njia huingia msituni, hupanda taratibu, na baada ya mwendo usiochosha humfikisha mtu kwenye mapango ya tembo. Mapango hayo hayakuchimbwa na binadamu. Tembo wenyewe, kwa pembe zao, wamechokonoa ukingo wa udongo miaka nenda miaka rudi wakitafuta madini ya chumvi, hata ukingo ukaingia ndani. Nyati nao hufuata nyuma kulamba kilichobaki. Mbele yake kuna maporomoko ya Endoro, maji membamba yaangukayo katika jabali lililofunikwa na kuvu. Kwenda na kurudi ni kazi ya asubuhi moja, na mtu aweza kuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Njia ya pili ni ya Olmoti. Hiyo huanzia kijiji cha Nainokanoka, hupanda kwa muda usiozidi saa moja, na kumweka mtu juu ya ukingo wa kreta ndogo yenye majani mafupi, kama sahani ya kijani iliyotuama juu ya mlima. Humo hakuna ziwa. Vijito hukusanyika vikawa mto Munge, nao mto hutafuta pengo upande wa kusini, ukaporomoka chini na kuendelea hadi ndani ya kreta kubwa ya Ngorongoro, katika ziwa Magadi. Msafiri asimamaye pale juu aona kwa macho yake jambo ambalo aliyeketi garini huko chini hawezi kuliona: kwamba maji anywayo simba wa Ngorongoro yana asili yake, na asili hiyo ni majani haya anayoyakanyaga.

Ya tatu ndiyo tuipendayo kuliko zote, nayo ni ya Empakai. Kreta ya Empakai iko kaskazini-mashariki mwa kreta kubwa, mwendo wa gari wa saa moja na nusu au zaidi kwa barabara ya udongo ipitayo Nainokanoka na Bulati. Barabara hiyo hupita katika malisho ya baridi, ambapo wachungaji hujifunga mablanketi hadi masikioni hata mwezi wa Julai, tofauti kabisa na joto la Mto wa Mbu uliloliacha asubuhi ile ile. Ukifika ukingoni, siku ikiwa safi, waona upande mmoja Ol Doinyo Lengai, mlima wenye volkano hai uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, na mbali kidogo weupe wa ziwa Natron. Geuka sasa utazame chini. Ziwa liko pale, limezungukwa na kuta za msitu pande zote kama maji ndani ya kikombe. Kreta ina upana wa kilomita zipatazo sita, na kutoka ukingoni hadi majini ni mita zipatazo 300 za mteremko.

Njia hushuka kwa zigizaga ndani ya msitu wenye miti mirefu iliyoota ndevu za kijivu kwa ukungu wa kila siku. Kima hupiga kelele juu, na kinyesi cha nyati njiani humkumbusha mtu asiachane na askari. Kwa dakika arobaini na tano hivi umefika ufukoni. Maji ni ya magadi, hayanyweki. Lakini tofauti na ndugu zake wa Bonde la Ufa, kama Manyara na Natron, ambayo kina chake ni cha mita chache tu, ziwa la Empakai linakaribia kina cha mita 80. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, husimama pembezoni kwa maelfu msimu uwafaapo, na sauti yao ni kama ya watu wengi wazungumzao kwa pamoja katika chumba cha mbali. Kupanda kurudi juu huchukua saa moja au zaidi. Hapo ndipo hewa nyembamba hudai ushuru wake, na wanene miongoni mwetu wahariri hupumzika mara nyingi kuliko wapendavyo kukiri. Hata hivyo hufika.

Basi, mtu atauliza, na hayo yana uhusiano gani na Chama, au na mfanyakazi mwenye shida ya nauli na karo?

Yana uhusiano, na uhusiano huo ni maji. Sisi tumezoea kuyahesabu mabwawa kwa saruji yake. Twalijua bwawa la Mtera, twalijua la Nyumba ya Mungu, na kwa fahari iliyo haki twalitaja Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini bwawa la Karatu halikujengwa na mhandisi. Mvua na ukungu utokao Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki na kusini ya nyanda za Ngorongoro, msitu huupokea, udongo wa volkano huufyonza, na maji hutembea chini kwa chini hadi yachomoze kwenye chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zinyweshazo mashamba ya vitunguu Mang'ola kando ya ziwa Eyasi, ambako bila hizo pangekuwa vumbi na mibuyu. Hizo ndizo zilishazo msitu wa chini ya ukuta wa Manyara na migomba ya Mto wa Mbu. Mvua huishia juu ya milima hiyo. Upande wa pili, magharibi, ni nyika kavu ya Olduvai. Mtu akitaka kujua Karatu ingekuwaje bila msitu, asiende mbali, avuke mlima tu.

Sasa mtu aambiwapo katika mkutano kwamba asikate mti, asichome mkaa, asilime hadi mpakani, aambiwa na nani? Na bwana msitu, au na mgeni wa semina mwenye picha ukutani. Neno hilo huingia sikio hili likatokea lile. Lakini yule aliyeingia kwa miguu katika njia ya Endoro, akahisi baridi ya msitu ikimpiga usoni hatua chache tu baada ya shamba lenye jua kali, akayaona maji yakitiririka mwezi wa Septemba wakati mifereji ya jirani imekauka, huyo hahitaji semina. Atakwenda mwenyewe kumkemea jirani yake mwenye shoka. Walinzi wa namna hiyo hawapatikani kwa bajeti yoyote. Hupatikana kwa kuonyeshwa.

Wapo watakaotucheka. Mkulima wa Kiiraqw apandaye na kushuka vilima tangu alfajiri, au mama wa Kimaasai aliyebeba kuni maisha yake yote, atasema: nyinyi watu wa magazeti mwataka nikatembee Jumapili kama kwamba sitembei Jumatatu? Kicheko hicho ni cha haki. Kutembea kwa dhiki si sawa na kutembea kwa hiari, na hatumtumi mtu aliyechoka kwenda kuchoka zaidi. Lakini tukubali pia kwamba mapumziko ni haki ya mfanyakazi, si anasa ya tajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo hiyo wengi wetu huimaliza katika misiba, ujenzi, na kusubiri ofisini muhuri wa mtu. Siku moja kati ya 28, kwa ajili ya kuliona ziwa, je, ni nyingi?

Tena jambo hili wafanyakazi wa nchi nyingine walilipigania. Huko Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, vijana wa viwandani, wengi wao kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout wakipitia njia iliyo kando ya bwawa la maji ya bomba, wakaingia katika ardhi ambayo makabaila waliifunga kwa ajili ya kuwinda ndege wao. Vijana watano walipelekwa jela kwa kosa la siku ile. Lakini mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 milima ile ile ya Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya nchi hiyo. Katika Uswisi, ambayo sisi tuliosoma shule za misheni tulikaririshwa milima yake kabla ya kuijua ya kwetu, wananchi walipiga kura mwezi wa Februari 1979 na kuziingiza njia za miguu katika katiba ya nchi. Leo vibao vya manjano vyamwongoza bibi kizee na mjukuu wake kuzunguka mabwawa ya milima ya Alps, na humkuti mtu awaulizaye wana shughuli gani pale. Mwaka huo huo wa 1979 Ngorongoro yetu iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Dunia iliandikiwa urithi wake. Twauliza tu kama mrithi wa kwanza, mkaazi wa Karatu, alipelekewa habari.

Na kwetu pia kutembea si jambo la kuazima Ulaya. Mwezi wa Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda katika mkutano wa TANU. Alikuwa Rais, magari alikuwa nayo. Alijua kwamba nchi ionekanayo kwa dirisha na nchi ionekanayo kwa unyayo ni nchi mbili. Tukitaka ushahidi wa kale zaidi, uko ndani ya eneo hili hili la Ngorongoro, huko Laetoli, ambako mwaka 1978 watafiti wa Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni vigumu kudai kwamba kutembea hapa ni mtindo wa kigeni.

Hatusahau kwamba njia hizi zina wenyewe. Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti mwaka 1959, ilitengwa iwe mahali pa wanyama na pa wafugaji pamoja. Mjadala juu ya makazi, uliopamba moto hasa tangu 2022 familia zilipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni, ni mzito, na hatutaupitia kwa aya moja. Twasema hili tu, ambalo halina upande: njia ya kushukia Empakai haikubuniwa na mpimaji. Ilikanyagwa na ng'ombe waliopelekwa kwenye magadi na watu waliowafuata. Yeyote apangaye njia mpya na asimuulize mzee wa Bulati maji yapita wapi wakati wa masika, njia yake itasombwa. Na kazi ya kuongoza wageni katika njia hizo, wawe wa Ulaya au wa Mbulu, iwe kwanza ya vijana wa vijiji hivyo, maana wao hawahitaji ramani.

Tuje kwenye vizuizi vya kweli. Ada ya kuingia kwa mwananchi ni ya shilingi, wala si kizuizi kikubwa. Hulipwa kiasi kidogo sana kikilinganishwa na dola za mgeni. Kizuizi ni gari. Basi la abiria humfikisha mtu Karatu bila taabu, kwa lami nzuri kutoka Arusha, na njia ya mapango ya tembo yaweza kufikiwa kutoka mjini hata kwa bodaboda. Lakini Olmoti na Empakai zataka gari lenye nguvu za magurudumu manne, na kukodi gari hilo kwa siku moja ni mshahara wa wiki nyingi wa mchuma kahawa. Hapo ndipo umoja ufaapo. Gari moja likikodiwa na mtu mmoja ni anasa. Lori moja likipanda watu thelathini wa tawi moja ni nauli ya kawaida.

Kizuizi cha pili ni habari. Mtu atafute maelezo ya njia hizi kwa Kiswahili, ajue ni saa ngapi za mwendo, avae nini, ada ya askari hulipwa wapi, aone kama atayapata kwa urahisi ule ambao Mjerumani huyapata kwa Kijerumani. Filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022 iliwaita wageni kwa sauti kubwa, na wageni waliitika. Tuliishangilia katika ukurasa huu. Wito wa namna hiyo, kwa lugha yetu, kwa watu wetu, bado twausubiri.

Kwa hiyo twaiomba Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro mambo matatu, nayo si makubwa. Iweke mwanzoni mwa kila njia kibao cha Kiswahili chenye urefu wa njia, muda wa mwendo na tahadhari zake. Itenge siku za wananchi, na sisi twapendekeza tarehe 14 Oktoba iwe ya kwanza, kwa kuwa ni siku ya Mwalimu na kwa kuwa njia huwa bado kavu kabla ya vuli. Na katika siku hizo, itoe lori na askari kutoka Karatu kwa bei ambayo tawi laweza kuichanga. Kwa vyama vya wafanyakazi twasema: sherehe za Mei Mosi zina fulana na maandamano ya kutosha, sehemu ya fedha ile yaweza kuwapeleka wahudumu wa hoteli za Karatu kuliona ziwa wanalowaelezea wageni kila jioni bila kulifikia. Wenye hoteli nao watoe ruhusa ya siku moja. Hawatapata hasara, maana mhudumu aliyekwenda ataeleza vizuri zaidi.

Kwa viongozi wa matawi ya Chama katika Karatu, Mbulu na Monduli, neno letu ni fupi. Andikeni majina ya watakaokwenda, wanawake kwa wanaume, na msiwaweke viongozi peke yao katika orodha. Mtu mwenye moyo au kifua kibaya aachwe kwa Endoro, asipelekwe Empakai. Anayetaka kwenda na kandambili aazimwe viatu. Barua kwa Mamlaka ziandikwe mapema, kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi, kwa maana yakishaanza barabara ya Nainokanoka huwa tope hadi magotini, na hakuna dereva atakayekubali kwenda kuikagua.